Begi la safari lihesabiwe kama mtaji

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaponunua cherehani au jokofu la duka, huuliza litadumu miaka mingapi, vipuri vinapatikana wapi na fundi wake ni nani. Mfanyabiashara huyo huyo anapojiandaa kwenda Dubai au Guangzhou huchukua begi la kwanza analolikuta limetundikwa mlangoni mwa duka, mradi linang'aa na mwenye duka amekubali kupunguza bei. Matokeo yake huonekana katika viwanja vya ndege: mabegi yaliyofungwa kwa kamba, mipini iliyogoma kurudi ndani na magurudumu yaliyobaki njiani.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Kwa anayesafiri kutafuta bidhaa, begi la mkononi ndilo linalobeba sampuli, ankara, daftari la oda, simu na nguo za kubadilisha iwapo mzigo mkubwa utachelewa. Likipasuka safarini, siku ya kununua bidhaa hugeuka siku ya kutafuta begi jingine, tena kwa bei ya ugenini.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni uzito. Mashirika ya Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines, yanayotumiwa sana na wafanyabiashara wa ukanda huu, humruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia ndani na kilo 7 za mzigo wa mkononi. Begi lenye kilo 4 likiwa tupu humwachia mwenyewe kilo 3 tu za vitu vyake. Begi lenye kilo 2.5 humwachia kilo 4.5, yaani mara moja na nusu zaidi. Kwa sababu hiyo masanduku ya alumini, ambayo mengi hufikia kilo 4 na kupita, hayamfai mfanyabiashara huyu hata kama yangedumu miaka ishirini. Anakuwa amelipia tiketi ya kusafirisha sanduku.

Vipimo navyo vinatofautiana. Emirates inaruhusu sentimeta 55 kwa 38 kwa 22, Ethiopian 55 kwa 40 kwa 23, na Qatar 50 kwa 37 kwa 25. Begi la sentimeta 50 kwa 37 kwa 22, likipimwa pamoja na magurudumu na mpini, litaingia kote kutatu. Anayebadilisha shirika kila safari kwa kufuata nauli nafuu hana budi kununua kwa kipimo hiki kidogo. Aidha, kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, hivyo ni vyema kusoma masharti ya tiketi kabla ya kila safari.

Jambo la pili ni malighafi. Mabegi magumu ya bei ya chini hutengenezwa kwa plastiki ya ABS, ambayo ni nyepesi lakini hupasuka ikigongwa kwa nguvu. Polikaboneti ni ghali zaidi, ila hubonyea na kurudi katika umbo lake. Kwa mabegi laini, nailoni nzito hustahimili msuguano kuliko poliesta nyepesi. Begi la nailoni lina faida nyingine pia: likichanika, fundi wa viatu wa mtaani anaweza kulishona. Begi gumu likishapasuka, kazi ya fundi imekwisha.

Magurudumu yanahitaji maelezo yake. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972. Rubani Robert Plath, naye wa Marekani, alibuni mwaka 1987 begi la kusimama lenye magurudumu mawili na mpini wa kuvuta. Magurudumu manne yanayozunguka pande zote yalienea baadaye, na yanapendeza kwenye sakafu laini ya uwanja wa ndege. Safari ya mfanyabiashara wetu, hata hivyo, haiishii hapo. Inaishia Mtaa wa Kongo au Msimbazi, kwenye mashimo, kokoto na matope. Magurudumu manne hutokeza nje na hupokea kila pigo, wakati magurudumu mawili makubwa yaliyozama ndani ya kona za begi hulindwa na begi lenyewe.

Mnunuzi aligeuze begi kabla ya kulipa. Gurudumu lililofungwa kwa skrubu hubadilishwa kwa dakika chache. Lililogongewa ribiti ni kazi kubwa kulitoa. Mpini uvutwe hadi mwisho na kutikiswa, kwa kuwa ukicheza dukani utavunjika safarini. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, hasa kwenye kona, ambako zipu dhaifu hukwama kwanza. Chapa ya YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, ni dalili nzuri, lakini chapa huigwa. Mkono wa mnunuzi ni shahidi bora kuliko maandishi.

Sasa tugeukie hesabu, maana wahenga walisema rahisi ni ghali. Usemi huu una ukweli, ila si kwa kila mtu. Tuchukue mfano wa begi la Sh. 80,000 linalodumu safari tano. Kila safari inagharimu Sh. 16,000. Begi imara la Sh. 450,000, likiongezewa matengenezo ya Sh. 100,000, likadumu safari 50, linagharimu Sh. 11,000 kwa safari. Anayesafiri mara kumi kwa mwaka ataokoa Sh. 250,000 katika miaka mitano. Lakini anayesafiri mara mbili kwa mwaka atafanya safari kumi tu katika kipindi hicho, na mabegi mawili ya bei ya chini, yaani Sh. 160,000, yatamtosha. Kwa viwango vya mfano huu, begi la ghali linaanza kulipa kuanzia safari saba kwa mwaka. Chini ya hapo, tofauti ya Sh. 370,000 inayotakiwa siku ya kwanza ni afadhali iingie kwenye bidhaa, ambako inazunguka na kuzaa.

Ipo njia ya tatu ambayo wengi huionea haya. Katika masoko ya mitumba, kama Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, hupatikana mabegi yaliyotengenezwa vizuri, ambayo wenyewe waliyaacha kwa kuyachoka rangi au kwa gurudumu moja tu. Begi kama hilo likipatikana kwa Sh. 150,000, likatengenezwa kwa Sh. 50,000 na kudumu safari 25, gharama yake ni Sh. 8,000 kwa safari. Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ndiyo bei nzuri kuliko zote. Haya ya kununua mtumba haimo katika vitabu vya hesabu.

Jambo moja lisisahaulike. Begi lenye betri ya kuchajia simu iliyojengewa ndani lisinunuliwe kama betri haitoki. Tangu mwaka 2018 mashirika mengi ya ndege yameyakataa mabegi ya namna hiyo. Betri ya akiba nayo lazima ibaki na abiria. Begi likichukuliwa mlangoni mwa ndege kupelekwa chini, betri itolewe kwanza.

Mzigo wa lawama, hata hivyo, hauwezi kubebwa na mnunuzi peke yake. Waagizaji wanaonunua kwa jumla Guihuagang, Guangzhou, wanajua vizuri walichoagiza: ni ABS au polikaboneti, kilo ngapi, ribiti au skrubu. Taarifa hiyo haifiki kwenye lebo ya duka la Kariakoo, na badala yake hufika jina kubwa la kigeni lililobandikwa kwa gundi. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kushughulikia bidhaa bandia, lakini muagizaji mwerevu hana haja ya kusubiri msako. Aandike uzito na malighafi kwenye lebo, na katika kontena lake alete pia boksi la magurudumu, mipini na vichwa vya zipu. Mteja anayejua vipuri vipo atakubali bei ya juu kidogo, na fundi wa mtaani atampa muagizaji huyo biashara ya mwaka mzima.

Hadi hapo mnunuzi ajilinde mwenyewe. Aende dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza, futi kamba na idadi ya safari zake za mwaka. Muuzaji akikataa begi lake lisipimwe, aagwe kwa heshima. Maduka ya mabegi Kariakoo ni mengi.