Kikundi kisizikwe na mwanzilishi wake

VIKUNDI vya maendeleo katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro ni vingi. Kuanzia Rombo na Marangu hadi Machame, kuna vya kinamama wenye vitalu vya miche, vya wafugaji nyuki, vya kusomesha yatima na vya kutunza vyanzo vya maji. Vingi vilianzishwa na mtu mmoja mwenye moyo wa kujitolea, na hapo ndipo ilipo nguvu yake na hatari yake.

Baada ya miaka kumi mtu huyo huwa ndiye mwenyekiti, ndiye anayejua fedha zilipo, ndiye anayewaandikia wafadhili na ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Akiugua wiki tatu, kazi inasimama. Akifariki, wanachama wanaulizana msibani daftari liko wapi.

Chukua mfano wa kikundi cha miche ya kahawa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), iliyoko Lyamungo, imevifikishia vikundi vya wakulima aina za kahawa zinazohimili chulebuni na kutu ya majani, navyo huzalisha miche kwa vikonyo kutoka bustani mama. Kama bustani hiyo imepandwa shambani kwa mwanzilishi bila maandishi yoyote, siku akifariki warithi wataihesabu kuwa sehemu ya kihamba cha baba yao. Jasho la watu ishirini litageuka ugomvi wa ukoo.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wachagga ni mabingwa wa kurithishana. Mzee mwenye busara hangoji kufa ndipo mwana aonyeshwe mpaka wa kihamba. Humtembeza kwenye masale angali na nguvu, na ukoo ukishuhudia. Iweje mtu huyo huyo aogope kumwonyesha makamu wake kitabu cha benki?

Historia ya mkoa huu inatoa funzo. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925 chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kilikuwa kimezongwa na migogoro ya fedha na uongozi, pamoja na shinikizo la serikali ya kikoloni, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, kilichojengwa juu ya vyama vya msingi. Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, KNCU nacho kilikoma, hadi kilipofufuliwa mwaka 1984. Waliokifufua walikuta vijijini watu wengi waliojua namna ya kukusanya kahawa, kuipima na kuandika hesabu zake. Ujuzi haukuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Wapo waanzilishi wanaosema hawaoni wa kumwachia, kwa kuwa vijana wote wamekimbilia Arusha na Dar es Salaam. Hoja hiyo ina ukweli, lakini si wote. Hata hivyo, aliyebaki kijijini hawezi kuiva kama kila mwaka kazi yake ni kupanga viti vya mkutano. Wengine wanahofu kwamba mrithi atakula fedha. Dawa ya hofu hiyo ni watia saini watatu benki na taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa mbele ya wanachama. Kumng'ang'ania mtu mmoja hakulindi fedha. Kunaficha tu zinakokwenda.

Wanachama nao wana lawama. Humrudisha mwenyekiti kila uchaguzi kwa kumwonea haya, kisha hulalamika kilabuni kwamba hataki kuondoka.

Neno kung'atuka Watanzania walilizoea kwa Mwalimu Nyerere. Aliachia urais mwaka 1985, lakini uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi mwaka 1990. Kikundi kidogo nacho kinaweza kufanya makabidhiano kwa hatua: mwanzilishi aachie kwanza kazi za kila siku, abaki mshauri kwa muda uliotajwa, kisha apumzike. Muda huo usipotajwa, kikundi kitakuwa na mafahali wawili zizini, na zizi litavunjika.

Maandalizi yenyewe hayahitaji mfadhili. Katiba itaje ukomo wa vipindi vya uongozi. Mali zote ziandikwe kwenye daftari moja, na makubaliano ya shamba au jengo yawekwe saini mbele ya uongozi wa kijiji. Fedha zisikae kwenye simu ya mtu, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole na akifa wanachama hawana haki nayo kirahisi. Makamu aende na mwenyekiti kwa wanunuzi, ili wamjue kwa sura. Na kila mwaka mwenyekiti akae pembeni mwezi mzima. Yatakayokwama ndiyo ya kufundishana.

Kwa mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, jambo hili si hiari tu. Sheria inadai taarifa ya kila mwaka, na shirika ambalo kumbukumbu zake zimezikwa na mtu mmoja litaiandika kwa kutumia nini? Wanaohitaji mafunzo hawana haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo Moshi, na maofisa ushirika na wa maendeleo ya jamii wapo wilayani.

Desemba wana wa Kilimanjaro hurejea nyumbani kwa Krismasi, na hata waliohamia mijini hupatikana. Huo ndio wakati wa kuitisha mkutano, kufungua madaftari na kumtaja makamu hadharani, mwanzilishi akiwa hai na anaweza kujibu maswali.