KITI CHA KUJITOLEA KISIKOSE MTU



Jumapili ya mwisho wa mwezi huu ni mkutano wa mwaka wa kile kikundi cha kuwasaidia akina mama wazee wa mitaa ya Kaloleni, Mbotela na Jericho, hapa Nairobi. Wengi wetu twakijua, maana twakichangia. Mwenye kiti, katibu na mweka hazina, wote watatu, wameandika barua kwamba wamechoka na hawatasimama tena. Mpaka siku tunapopiga chapa karatasi hii hapana hata mtu mmoja aliyeleta jina lake. Hali ikibaki hivyo, kikundi kitafungwa, na fedha zilizo benki zitalala huko kwa kukosa watu wa kutia sahihi.

Sisi twaona jambo hili ni aibu yetu, si ya hao watatu.

Kwanza tukumbuke akina mama hawa ni nani. Ni wanawake waliofua nguo na kulea watoto katika nyumba za watu. Ni wale waliofagia maofisi alfajiri kabla makarani hawajafika, na waliouza uji kwenye milango ya viwanda vyetu. Wengine ni wajane wa wanachama wa chama hiki hiki. Walifanya kazi maisha yao yote, lakini wengi hawakuandikishwa po pote. NSSF ilianzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mchango wake ulikuwa Sh. 200 za mfanya kazi na Sh. 200 za mwajiri kwa mwezi, mpaka viwango vipya vilipoanza kutumika Februari 2023. Tena mtu alipostaafu alipewa fedha zake kwa mkupuo mmoja, si malipo ya kila mwezi. Basi hata aliyeandikishwa alipata kidogo. Aliyelipwa mkononi jioni kwa jioni, huyo hakupata kitu.

Wako wanaosema, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Ni kweli, na sisi hatutaacha kusema hivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazi kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali pia. Kifungu cha 260 chasema mzee ni mtu aliyefikia miaka 60. Lakini fedha za Inua Jamii, Sh. 2,000 kwa mwezi, zimewekwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kati ya 60 na 70 pana miaka kumi. Mama aliyeachishwa kazi ya kufua akiwa na miaka 62, kwa sababu mgongo haukunjuki, ale nini katika miaka hiyo? Hilo tutalidai mbele ya wakubwa, na tutalidai tena.

Lakini haki, ndugu zetu, haiendi yenyewe mpaka mlangoni pa mtu. Tangu Oktoba 2024, SHA iliposhika mahali pa NHIF, kila mtu alitakiwa kujiandikisha upya. Ni nani aliyekaa na mama asiye na simu mpaka jina lake likaingia? Ni katibu wa kikundi. Mama mwingine alama za vidole zimefutika kwa miaka ya sabuni na maji, mashine ikamkataa. Ni nani aliyekwenda naye kwa chifu, akarudi naye wiki ya pili na ya tatu? Ni mwenye kiti. Malipo yakichelewa, unga wa wiki hiyo hutoka katika kikundi, na mweka hazina ndiye aujuaye mlango usiofuka moshi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tulitazama vikielea tukadhani vyajiendea tu.

Kosa letu ni hili: tulitoa shilingi zetu tukafikiri tumemaliza. Kutoa shilingi ni kwema, wala hatumdharau mtoaji. Lakini shilingi haina miguu. Haiwezi kumpeleka mgonjwa hospitali, wala kuandika barua, wala kujua kwamba mama fulani hakuonekana tangu Jumatatu. Kazi hiyo yahitaji watu, na watu hao tuliwaacha peke yao. Mweka hazina alitoka zamu ya usiku akaenda sokoni kununua unga kabla hajalala. Nauli ilikuwa yake, na salio la simu lilikuwa lake. Alipochelewa kusoma hesabu mwezi mmoja, tulisikia watu wakinong'ona kwamba fedha zimeliwa. Hesabu iliposomwa, ikaonekana kwamba kikundi ndicho kilichokuwa na deni kwake. Hatukusikia mtu akisimama kumwomba radhi.

Pia lazima tuseme na upande wa pili. Kujitolea hakumpi mtu ruhusa ya kukataa kuulizwa. Wako viongozi, si katika kikundi hiki tu, wanaosema, "Silipwi, basi msiniulize." Maneno hayo hayafai. Fedha za wajane ni za kuhesabiwa zaidi kuliko fedha nyingine zote. Na yuko anayekipenda kiti kwa sababu ya heshima, akakaa juu yake miaka kumi, mwishowe kikundi kikaitwa kwa jina lake. Huyo naye akiondoka, kikundi hufa, maana hakumfundisha mtu.

Kwa hiyo, badala ya kulaumu tu, twatoa mashauri yafuatayo yapelekwe mkutanoni:

1. Kila kiongozi akae miaka miwili. Akichaguliwa tena, iwe mara moja tu, kisha apumzike.

2. Kila kiongozi awe na msaidizi anayejifunza kazi, ili pasiwe na siku ambayo daftari liko ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

3. Hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi, mbele ya akina mama wenyewe, kwa lugha wanayoisikia.

4. Nauli na gharama za simu zirudishwe, kwa kuandikwa na kutiwa sahihi. Mshahara hapana. Mtu ajitolea wakati wake na nguvu zake; asilazimishwe kutoa na chakula cha watoto wake.

5. Viti viwili katika halmashauri viwe vya akina mama wazee. Wao si mizigo ya kubebwa. Mwanamke aliyelisha watoto sita kwa kibarua cha kufua ajua kugawa mfuko wa unga kuliko sisi.

6. Wanaume nao washike zamu. Twasikia wakisema hiyo ni kazi ya akina mama. Mwanamume asiyeweza kumsindikiza mzee hospitali Jumamosi moja kwa mwezi, ni kitu gani kinachomzuia ila kiburi?

Mtu atasema hana nafasi. Nani anayo? Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walipounda East African Trades Union Congress hapa Nairobi, hawakungoja wapate nafasi, na mwaka uliofuata wote wawili walikamatwa. Sisi leo hatuombwi kwenda kifungoni. Twaombwa saa chache kwa juma, kalamu, na moyo wa kuvumilia foleni.

Tena hatusemi haya kwa ajili ya watu wengine tu. Wengi kati yetu ni vibarua, na mikataba ni ya miezi mitatu mitatu. Siku zetu zaja. Siku hiyo tutataka mtu abishe hodi na kuuliza tumeamkaje, na mtu huyo lazima awe amefundishwa na mtu, naye huyo na mwingine kabla yake. Mnyororo huo ukikatika mwezi huu katika jumba la Kaloleni, utaungwa na nani?

Majina yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya Ijumaa inayotangulia mkutano. Nafasi ni tatu, na wasaidizi watatu. Asiyeweza kuongoza aje apige kura, na asiyeweza hata hilo aje amshike mkono mweka hazina anayeondoka na kumwambia asante mbele ya watu.

Nasi tunaoandika karatasi hii tumekwisha kutoa jina la mmoja wetu. Yamebaki matano.