Kobe wa Maonyesho

Katika maonyesho yetu ya mwaka jana tulimweka kobe ndani ya karai, juani, tangu asubuhi hadi Adhuhuri. Watoto walimgonga gamba kwa vijiti ili atoe kichwa. Hakutoa. Na maji hatukumwekea.

Wapo waliotutetea kwa hadithi ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kindege chake. Mtume (S.A.W.) hakumkataza, bali alimliwaza kilipokufa. Ni kweli, na maulamaa wameitumia kuwa hoja ya kujuzu kufuga ndege. Lakini hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula, wala asimwache akajitafutie, nayo ni sahihi, tena tunaisomesha wenyewe darasani! Siku ile tulifundisha kwamba mnyama ni wa kuchokozwa.

Hatusemi wanyama wasiletwe kabisa. Kuku na vifaranga wake wamezoea watu. Wapewe kivuli na maji, basi. Kobe wa porini hajazoea, bora watoto wapelekwe wakamwone huko huko kwake. Tunaiomba kamati ilizungumze jambo hili kabla ya kugawa kazi za mwaka huu. Yule kobe tulimrudisha kichakani jioni. Aliyeuliza kama amekunywa maji alikuwa mtoto mmoja tu.