Dawa ya Nguo Si Dawa ya Nywele

Piko yetu ya pwani imepanda hata Sumbawanga, mji ambao jina lake, kwa Kifipa, husemwa ni kutupa uchawi. Dada hujipaka nyumbani, akatoka na kichwa cheusi kama masizi. Akiona haya, hukimbilia dawa ya kufulia nguo nyeupe aupunguze weusi. Subhanallah! Dawa hiyo hula nywele na kuchoma ngozi.

Abu Quhafa alipoletwa kwa Mtume (S.A.W.) Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, kichwa cheupe pe, aliamrisha kibadilishwe rangi, weusi uepukwe. Imamu Nawawi, wa madhehebu yetu, akauharamisha. Hina imekosa nini? Aliyekwisha kujipaka piko na asubiri: nywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na mkasi upo.