Stika ya mbegu: kwaruza kwanza, lipa baadaye

Mvua za masika zinapokaribia, simu za wakulima nchini Kenya hujaa matangazo. Mbegu ya mahindi, pakiti ya kilo mbili, bei chini ya ile ya dukani, na bodaboda ataifikisha hadi nyumbani. Picha inaonyesha pakiti safi yenye stika ya KEPHIS. Mteja anaombwa jambo moja tu: atume pesa kwa M-Pesa, mzigo utafuata.

Wauzaji wengine ni wa kweli. Lakini wapo wanaouza punje za kawaida ndani ya pakiti ya kuiga, na stika ya kuiga juu yake. Katika makala haya tunaeleza stika hiyo hufanya kazi gani, walaghai huikwepa vipi, na kwa nini kununua kupitia simu kumeipunguzia nguvu.

Kwa nini stika ikahitajika

KEPHIS ni shirika la serikali ya Kenya linalosimamia afya ya mimea na ubora wa mbegu. Mbegu iliyoidhinishwa huuzwa katika pakiti yenye stika ya shirika hilo. Chini ya utando wa stika kuna namba iliyofichwa. Mkulima huukwaruza utando huo, kama tulivyozoea kukwaruza kadi ya kuongeza salio, kisha huituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Jibu linalorudi linaeleza mbegu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Simu ndogo ya kubonyeza inatosha, na intaneti haihitajiki.

Mpango huu ulikuja kwa sababu macho peke yake hayatoshi. Mbegu halisi ya mahindi hupakwa dawa yenye rangi ili isiliwe na wadudu wala kuoza ardhini. Rangi nayo hununuliwa na yeyote. Mtu akichukua mahindi ya gunia, akayapaka rangi na kuyafunga vizuri, hata mkulima wa miaka mingi anaweza kudanganyika. Mwaka 2024 wakulima wa Kenya walionja jambo kama hilo upande wa mbolea, pale mbolea isiyofikia kiwango ilipopatikana katika mpango wa ruzuku wa serikali. Maandishi kwenye gunia yalikuwa mazuri. Shida ilikuwa ndani.

Stika basi si urembo wa pakiti. Ukiitazama tu, haijakuambia lolote. Kazi yake inaanza pale inapokwaruzwa na namba kutumwa.

Walaghai wanapopitia

Njia ya kwanza ni picha. Muuzaji anaweza kupiga picha pakiti halisi ya dukani, akaituma kwa watu mia moja, kisha akawapelekea kitu kingine. Picha ni ushahidi kwamba pakiti halisi ipo mahali fulani. Haithibitishi kwamba ndiyo utakayoletewa.

Njia ya pili ni jibu la kutengenezwa. Ukiuliza kama mbegu ni halali, unatumiwa picha ya ujumbe unaoonekana kutoka 1393. Ujumbe wa aina hiyo hutengenezwa kwa dakika chache. Jibu la kuaminiwa ni lile linaloingia kwenye simu yako mwenyewe, baada ya wewe mwenyewe kutuma namba.

Njia ya tatu ni stika yenye namba nyingine ya kutumia ujumbe. Anayeweza kuchapisha stika ya kuiga anaweza pia kuandika juu yake namba yake mwenyewe, na kukujibu kwamba mbegu ni safi. Ndiyo maana inafaa kuiweka 1393 kichwani, au kuihifadhi kwenye simu, badala ya kufuata namba yoyote uliyoikuta kwenye pakiti.

Njia ya nne ni stika iliyokwisha kukwaruzwa. Muuzaji atasema, "Nilikuhakikishia tayari." Namba iliyokwisha kuonekana inaweza kunakiliwa kwenye pakiti nyingi. Pakiti ya namna hiyo irudishe.

Mpangilio uliogeuzwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Dukani, mkulima hushika pakiti, huikwaruza stika mbele ya muuzaji, husubiri jibu, ndipo hulipa. Jibu likiwa na kasoro, hajapoteza kitu. Akinunua mtandaoni, mpangilio unageuka: pesa hutangulia na ukaguzi hufuata. Pakiti inapofika, bodaboda hamjui muuzaji, na muuzaji huenda amezima simu. Stika inaweza kukuambia umeibiwa, lakini haiwezi kukurudishia pesa.

Kwa hiyo hatusemi watu waache kununua kwa simu. Kwa mama anayeishi kilomita nyingi kutoka sokoni, kuletewa mbegu nyumbani ni nafuu kubwa. Tunasema mpangilio urudishwe ulivyokuwa. Mwambie muuzaji kwamba utalipa pakiti ikiwa mkononi, baada ya kukwaruza na kupata jibu. Muuzaji halali anaweza kukubali, au akakuelekeza kwenye duka lake lenye leseni ya kuuza mbegu. Anayekuharakisha kwa maneno kama "zimebaki mbili tu" amekupa sababu ya kumwacha.

Jibu linapoingia, lisome lote. Jina la mbegu kwenye ujumbe lifanane na lililoandikwa kwenye pakiti. Pakiti ikisema H614 na ujumbe ukataja mbegu nyingine, hiyo si bahati mbaya ya mtandao. Tazama pia tarehe, na uangalie kama pakiti imeshonwa au kugundishwa upya. Kama hakuna jibu kabisa, subiri. Usikubali kulipa kwa kuambiwa kwamba mtandao uko chini leo.

Gharama ya bei rahisi

Tufanye hesabu ndogo. Ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu, yaani pakiti tano za kilo mbili. Tuseme umepunguziwa shilingi 100 kwa kila pakiti. Umeokoa shilingi 500. Mbegu isipoota, umepoteza gharama ya trekta au ng'ombe wa kulima, mbolea ya kupandia, na siku za vibarua. Zaidi ya hayo umepoteza mvua. Trans Nzoia na Uasin Gishu, mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani kwa miezi mingi, na anayepanda tena baada ya wiki tatu amekwisha kuchelewa. Hasara ya mbegu bandia haionekani siku ya kununua. Inaonekana ghala linapokuwa tupu.

Ukitaka uhakika zaidi kabla ya kupanda, hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu na uziweke mahali penye joto kidogo. Baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiwa chache, usipande. Nawa mikono, kwa sababu mbegu hizo zina dawa, na punje zilizobaki zisilishwe kuku.

Mambo mawili ya kutochanganya

La kwanza: stika halisi haimaanishi kila mbegu inafaa kila shamba. H614 ni ya nyanda za juu. Ukiipanda sehemu kame inaweza kushindwa, na hilo si kosa la stika.

La pili: mbegu za kienyeji ambazo wakulima huhifadhi na kupeana hazina stika. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitupilia mbali vifungu vya sheria vilivyowafanya wakulima wahalifu kwa kugawana na kuuza mbegu hizo. Jirani akikupa mbegu yake ya asili, unamwamini kwa kuwa unalijua shamba lake. Mbegu ya pakiti haina jirani wa kuulizwa. Stika ndiyo inayoshika nafasi hiyo.

Wasikilizaji wetu wa Tanzania nao wana utaratibu unaofanana. TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu huko, hutumia lebo zenye namba ya kukwangua.

Ukigundua umeuziwa bandia, usitupe kitu. Hifadhi pakiti, stika, konzi moja ya mbegu, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu na muuzaji, kisha ripoti kwa KEPHIS na polisi. Wengi hunyamaza kwa kuona aibu. Ukimya huo humwezesha muuzaji kubadilisha namba ya simu na kurudi msimu ujao, akiwa na picha ileile na bei ileile ya kuvutia.