Machela Isiishie Hospitalini

Kwetu Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, mgonjwa hakosi wa kumbeba. Vikundi vya engozi, yaani machela ya kienyeji, huwashusha wagonjwa kutoka milimani hadi hospitalini. Mjomba wangu alipopata kiharusi alibebwa hivyo hivyo. Lakini aliporudi nyumbani, mkono na mguu wa kulia vikiwa vimepooza na maneno hayatoki, wabebaji wale hawakuonekana tena. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa.

Napinga jambo hili. Kiharusi si uchawi. Ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au kupasuka, na chanzo chake kikubwa ni shinikizo la juu la damu. Ubongo hujifunza upya kwa mazoezi ya kurudiarudia, hasa miezi ya mwanzo. Mazoezi hayo yanahitaji watu wa kumshika mgonjwa mkono, si wa kumwonea huruma mlangoni. Mke peke yake hayawezi.

Basi vikundi vya engozi viweke zamu: leo jirani huyu amtembeze uani, kesho yule azungumze naye. Nasi wanafunzi tuwe wa kwanza kuingia zamu wakati wa likizo. Kumbeba mgonjwa akienda na kumtelekeza akirudi ni kuifanya kazi nusu.