Kabla ya Rangi, Nunueni Gata

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya mahafali, mafundi wanaletwa hosteli kwetu na ndoo za rangi ya krimu. Wanapiga rola siku tatu, wazazi wanakuja, picha zinapigwa, tunapendeza. Masika ikiingia, ukuta wa kusini unarudisha weusi wake uleule, palepale, kuanzia chini ya dirisha letu mpaka kwenye ngazi. Nimeingia mwaka wa tatu. Nimeona rangi mara mbili na weusi mara mbili. Safari hii nasikia serikali ya wanafunzi nayo inataka kuchangia ndoo sita kutoka mfuko wetu, na naandika kuwaomba waheshimiwa wabunge wetu wasiipitishe hiyo hela.

Si kwamba napenda kukaa jengo chafu. Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulikatwa fedha ya tahadhari, na kwenye fomu sababu iliandikwa "kuchafua ukuta wa nje". Ukuta wa nje, ghorofa ya pili! Labda tulipanda ngazi usiku tukaupaka masizi. Tulilalamika, tukaambiwa tulitazame doa wenyewe, si linaanzia dirishani kwenu? Ni kweli lilianzia dirishani kwetu, na sikuwa na jibu.

Jibu nililipata mazoezi ya kufundisha, Rungwe. Tukuyu ni mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata isiponyesha kuna ukungu wa asubuhi unaolowesha shuka kwenye kamba. Nilidhani kuta za kule zitakuwa nyeusi zote. Mwalimu aliyenipokea nyumbani kwake alikuwa na ukuta mweupe, isipokuwa upande mmoja uliofunikwa na mparachichi. Nikamwambia, "Mama, pale kumeingia uchafu." Akacheka, akachukua chupa ya jiki akadondosha tone juu ya doa. Baada ya dakika moja hivi pakapauka. "Uchafu ungebaki mweusi, mwanangu," akasema. "Hiki kinachokufa ni kitu hai."

Niliporudi chuoni jambo la kwanza nilidondosha jiki chini ya dirisha letu. Pakapauka.

Kwa hiyo tuelewane: ule weusi ni kuvu. Mbegu zake ziko hewani muda wote, huwezi kuzifukuza. Zikitua ukutani zinataka unyevu na chakula kidogo, na vumbi na chavua vilivyoganda juu ya rangi vinatosha. Ukipaka rangi mpya juu yake hujamuua, umemfunika blanketi. Anatoboa kutokea ndani, na rangi yenyewe inaanza kubanduka kwa sababu haikushika ukuta, imeshika kuvu.

Na kwa nini ukuta wa kusini tu? Hapa Dar, kuanzia Machi jua linahamia upande wa kaskazini na halirudi kusini mpaka Oktoba. Maana yake ukuta wa kusini unakaa kivulini masika yote, wakati huohuo upepo wa kusi unaanza kuupiga mvua. Ukilowa Aprili, nani ataukausha? Ongeza na hizi nyumba za paa la kuficha ambazo siku hizi kila mtu anazipenda, na hosteli yetu ni mojawapo. Mabanda ya zamani yalikuwa na mabati yaliyotokeza nje, mvua ikadondoka mbali na ukuta. Sisi tuna ukingo mzuri wa picha, ila maji yote ya juu yanashuka ukutani kama machozi. Halafu kuna bomba la kumwagia maji ya tangi likijaa, limeelekezwa wapi? Juu kidogo ya dirisha letu.

Nimeshamsikia mtu akisema tununue rangi yenye dawa ya kuvu. Nunueni, ni nzuri, na ya maji ni afadhali kuliko ya mafuta maana inaruhusu ukuta kupumua. Lakini dawa ile inaoshwa na mvua kidogokidogo mpaka inaisha, na mahali ambapo bomba linamwaga kila siku itaisha mapema zaidi. Tena mafundi wetu, Mungu awasamehe, wanavyozimua rangi na maji ili ndoo moja ifanye kazi ya mbili, sijui hiyo dawa inabaki kiasi gani.

Mimi ningeanza na fundi bomba. Ageuze lile bomba la tangi. Ifungwe gata upande wa kusini. Ule mwarobaini uliolala ukutani upunguzwe matawi, usikatwe. Kisha ukuta uoshwe: jiki kipimo kimoja, maji vitatu, brashi laini, uachwe robo saa, usuuzwe vizuri. Anayeosha avae glavu na miwani, na asichanganye jiki na dawa ya choo hata kwa utani, ile hewa inayotoka ni sumu. Halafu kusubiri siku kadhaa za jua mpaka ukuta ukauke kabisa, jambo ambalo haliwezekani ukiita mafundi wiki mbili kabla ya mahafali na vuli imeshaanza. Kazi hii ni ya Agosti, tukiwa likizo.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Nguo zinazochuruzika tunazianika ukingoni, maji ya kunawia tunayamwaga dirishani kwa sababu bafu liko mbali. Mimi mwenyewe nimemwaga. Lakini beseni langu halifiki ngazini, na doa linafika.

Kikao cha bajeti ni Alhamisi. Nimepima ule ukuta kwa hatua, ni kama mita 18 za gata, na gata sharti iuzwe pamoja na vishikio vyake. Waheshimiwa wakitaka ushahidi, nitakuja na chupa ya jiki, tutoke nje pamoja. Na ile fedha yetu ya tahadhari, wanne sisi, bado tunaidai.